Vijana Wetu wa Sekondari na Kumbukumbu za Mwambao wa Rumonge



Ndugu wazazi, walezi na wanafunzi, kila unapokaribia mtihani wa dola, malalamiko yaleyale husikika majumbani mwetu katika mwambao huu, kuanzia Rumonge mpaka Nyanza-Lac. Mzazi anasema kijana wake wa mwaka wa mwisho halali usiku, hali vizuri, anajibu kwa mkato. Mwingine anasema binti yake aliyekuwa akishika nafasi za juu darasani sasa hazungumzi na mtu na anasahau hata aliyoyasoma jana. Na majibu yanayotolewa hayazidi matatu: ni uvivu, ni simu, au ni jini.

Tumeona safari hii tulieleze jambo hili kwa njia ya historia. Sababu yetu ni kwamba katika mwambao huu shule haijawahi kuwa jengo la kusomea tu. Zaidi ya mara moja, tena katika umri wa watu walio hai na tunaoswali nao safu moja, shule ilikuwa ndipo mahali kijana alipoitwa jina lake akatoka na hakurudi. Waliobaki wakanyamaza. Wakaoa, wakazaa, wakawapeleka watoto wao shuleni na moyo ukiwadunda, bila kuwaambia kwa nini unadunda. Hatudai kwamba kila huzuni ya mwanafunzi wa leo imetoka huko. Lakini mzazi asiyejua hofu yake mwenyewe ilitoka wapi atapata taabu kuielewa ya mwanawe.

Tuanze mbali kidogo. Katika karne ya 19 misafara ya Waarabu na Waswahili ilikuwa imeshafika Ujiji, na kutoka huko majahazi yakapanda kaskazini kwa mawese, samaki, chumvi, pembe za ndovu na, tusiufiche ukweli, watumwa. Uislamu na lugha hii tunayoiandika viliingia mwambaoni kwa njia hiyo. Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kama Rumaliza, alijaribu kuutawala mwambao huu kutoka Ujiji, na Warundi wa milimani wakamzuia wasimwache apande. Mwaka 1879 mapadri wa shirika la White Fathers nao wakafungua kituo hapa Rumonge, kikiwa cha kwanza katika nchi nzima. Mwezi Mei 1881 wamisionari watatu waliuawa na kituo kikafungwa, na wamisionari hawakurudi kuweka makao ya kudumu Burundi mpaka mwisho wa karne.

Waliporudi, ndio walioshika shule. Wajerumani walikuwa wakitumia Kiswahili katika utawala wao, hivyo Mwislamu aliyejua kusoma na kuandika alikuwa na pa kushika. Wabelgiji walipoichukua nchi mwaka 1916 mambo yakageuka. Elimu iliwekwa mikononi mwa misheni, na mzazi Mwislamu alijua kwamba mtoto akikaa darasani muda mrefu huenda akatoka na jina jingine na dini nyingine. Wengi wakawabakiza watoto wao kwenye chuo cha Qur'ani, kwenye uvuvi na kwenye biashara. Hatuwalaumu. Walichagua kuilinda imani kwa njia waliyoiona. Lakini hesabu yake tuliilipa baadaye, kwa kuwa na wasomi wachache, na kwa tabia iliyobaki katika nyumba kadhaa ya kuihesabu shule kuwa ni ya wengine, ambayo ukiipita bila kupotea ushukuru Mungu. Hofu hiyo ni ya kwanza, na ni ndogo ukiilinganisha na iliyofuata.

Usiku wa tarehe 29 Aprili 1972 waasi wa Kihutu walishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini. Katika siku hizo za mwanzo Watutsi wengi waliuawa, wakiwemo maofisa wa serikali na familia zao. Kisha ikaja kazi ya serikali ya Rais Michel Micombero, ambayo haikuishia kwa waasi. Kwa miezi kadhaa, jeshi na vijana wa chama tawala waliojulikana kwa kifupi kama JRR waliwatafuta Wahutu waliosoma, na wale waliokuwa bado wanasoma. Walimu, makarani, wauguzi, wafanyabiashara, wanafunzi wa chuo kikuu, wa vyuo vya ualimu na wa sekondari. Makadirio ya waliouawa yanaanzia watu 100,000 na kufika 300,000. Warundi huuita mwaka huo ikiza, yaani janga, neno ambalo zamani lilitumika kwa tauni na njaa.

Tunaomba msomaji asimame hapa kidogo, kwa sababu ndipo penye shina la maneno yetu. Mauaji mengine humkuta mtu shambani, njiani au nyumbani. Ya mwaka 1972 yaliingia darasani na orodha ya majina. Gari lilisimama uwanjani, majina yakasomwa, wavulana wakapanda. Katika shule kadhaa baadhi ya wanafunzi waliwageukia wenzao waliolala nao bweni moja. Aliyenusurika mara nyingi alinusurika kwa sababu siku hiyo alikuwa hayupo, au hakufika mbali kimasomo. Sasa fikirini ni somo gani alilobaki nalo baba aliyekuwa na miaka 17 wakati ule. Daftari na kalamu vilikuwa vimegeuka ushahidi dhidi ya mwenyewe. Baada ya hapo wazazi wengi Wahutu hawakuwapeleka watoto wao sekondari hata walipoweza, na miaka ya 1980 watu wengi waliamini kwamba majina ya watahiniwa yalikuwa yakitiwa herufi za siri ili kuwatenga kwa kabila. Mtoto aliyefeli hakujua kama amefeli kwa kutosoma au kwa kuzaliwa.

Watutsi wa mwambao nao walikuwa na wafu wao wa siku zile za mwanzo, na wao pia hawakuwa na mahali pa kuwalilia pamoja na majirani. Kila nyumba ikafunga mlango wake. Serikali zilizofuata ziliyafanya mazungumzo ya 1972 kuwa jambo la hatari. Tume ya Ukweli na Maridhiano iliundwa mwaka 2014 tu, na uchimbaji mkubwa wa makaburi ya pamoja ukaanza mwaka 2020. Yaani aliyeachwa yatima akiwa tumboni mwaka 1972 alikuwa na umri wa kuitwa babu siku nchi ilipoanza kutafuta mifupa ya baba yake.

Kirundi kina maneno yanayosaidia hapa kuliko ya kigeni. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2013 kuhusu namna jamii zilizopitia vita zinavyoyaita maradhi ya nafsi waliyakuta Burundi, pamoja na mengine, maneno haya matatu: ibisazi, ihahamuka na akabonge. La kwanza ni wazimu wa wazi ambao kila mtu huuona. La pili ni mshtuko wa aliyeona ya kutisha, anayeshtuka, anayeota, anayekimbia pasipo na wa kumkimbiza. La tatu ndilo la kuangaliwa zaidi na wazazi. Akabonge ni uzito wa moyo wa aliyefiwa au aliyepoteza: anajitenga, hali, hasemi, hana hamu na lolote. Kwetu mwenye ibisazi hupelekwa kutibiwa. Mwenye akabonge huambiwa avumilie. Na kijana wa sekondari mwenye akabonge, kwa kuwa hapigi kelele wala hasumbui mtu, husifiwa kwa utulivu mpaka siku matokeo yanapotoka.

Baada ya tarehe 21 Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa, vita vilivyofuata viliwakuta tena wanafunzi katikati. Mwezi huohuo huko Kibimba, katikati ya nchi, wanafunzi Watutsi walichomwa moto. Katika mitaa ya Bujumbura vijana wa shule waliingia katika makundi ya silaha upande huu na upande ule, na mitaa mingi ikawa ya kabila moja. Tutaje kwa heshima kwamba mtaa wa Buyenzi, unaoitwa wa Waswahili, ulibaki na watu wa makabila yote. Si kwamba Waislamu ni malaika. Watu walikuwa wameoleana, walikuwa na msikiti mmoja, na lugha moja isiyokuwa ya upande wowote.

Lakini kisa tunachotaka kukikalia ni cha jirani zetu Wakatoliki. Ukipanda barabara ya milimani kutoka Rumonge kwenda Bururi, huko juu iko Buta, shule ya seminari ndogo ya wavulana. Wengi wenu mnajua mwisho wake. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliingia bwenini kwa wanafunzi wakubwa, wakawaamuru wajitenge, Wahutu huku na Watutsi huku. Wavulana wakakataa. Waasi wakawapiga risasi na kuwarushia mabomu ya mkono, na wanafunzi 40 wakafa. Wamezikwa pamoja.

Wengi husimulia asubuhi hiyo tu. Sisi tunavutiwa zaidi na miaka mitatu na nusu iliyoitangulia. Wanafunzi wale walikuwa wa nchi ileile kama wengine. Walikuja shuleni na habari za nyumbani, huyu baba yake ameuawa na Wahutu, yule kaka yake ameuawa na jeshi la Watutsi, kisha wanapangwa vitanda jirani. Mkuu wa shule, Padri Zacharie Bukuru, aliandika baadaye kitabu juu yao. Hakuwakataza wasizungumzie kabila, kama walivyofanya wakuu wengi kwa nia njema. Aliwakutanisha na kuwaacha waseme: hofu, hasira, waliyosikia kwa wazazi, hata wanavyoona historia ya nchi. Na alizidisha michezo, ngoma na kazi za kufanya pamoja, ili mwili nao upumue.

Tunajua baadhi ya wasomaji watauliza, gazeti la Waislamu linatafuta nini seminari? Hekima ni kipotevu cha Muumini, popote anapoikuta ana haki nayo zaidi. Na hapa kuna hekima ya malezi. Vijana wa miaka 16 mpaka 20, katika nchi inayoungua, walifika mahali pa kuaminiana kiasi kwamba bunduki haikuwatenganisha. Haikutokea usiku mmoja. Mtu mzima mmoja aliketi nao mara nyingi, akasikiliza maneno machungu bila kuyakemea. Hatuwezi kujua kila kilichokuwa mioyoni mwao asubuhi ile. Tunajua kwamba hawakuwa wameachwa kila mmoja peke yake na siri ya nyumba yake.

Vita vilipopoa watu wakaanza kurudi. Kati ya mwaka 2002 na 2009 wakimbizi wapatao nusu milioni walirejea Burundi, wengi kutoka Tanzania, na mwambao wetu ukapokea sehemu kubwa. Katika waliorudi walikuwemo wa 1972, waliokaa miongo mitatu katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Kijana aliyezaliwa huko alikuwa Mrundi kwa habari tu. Alisoma kwa Kiswahili, akaanza sekondari kwa Kiingereza, kisha akashushwa Rumonge au Nyanza-Lac ambako masomo ni kwa Kifaransa na uwanjani wanataniana kwa Kirundi. Mvulana mwenye ndevu akawekwa na watoto wadogo wa kumpita kwa lugha. Wenzake wakamwita Mtanzania, na Tanzania alikotoka waliwahi kumwita mkimbizi. Ndugu zetu, aibu kwa kijana wa umri ule ni kitu kizito kuliko njaa. Wako walioacha shule kabla ya muhula kuisha wakaingia ziwani kuvua ndagala, kwa sababu mtumbwini hakuna anayekusahihisha matamshi.

Na nyumbani hakukuwa na utulivu. Mashamba na michikichi iliyoachwa mwaka 1972 ilikuwa na watu wengine, baadhi wakiwa wamepewa na serikali na wamekaa miaka 30. Tume ya ardhi na mali, CNTB, iliundwa mwaka 2006 na muda wake ukaisha mwaka 2022, na katika miaka hiyo kesi za Rumonge na Nyanza-Lac zilikuwa miongoni mwa zilizogawa majirani zaidi. Familia zisizokuwa na pa kurudi zilijengewa vijiji vya amani, mfano Mutambara hapa Rumonge, ambako waliorudi na wasio na ardhi walichanganywa makusudi. Mara nyingi mtoto wa mdai na mtoto wa mdaiwa walikuwa darasa moja. Wazazi wanaonana mbele ya tume asubuhi, watoto wanaazimana rula mchana. Mwalimu mwenye watoto zaidi ya 60 mbele yake atajuaje?

Hapo tunataja lugha kwa jambo moja la kheri. Katikati ya miaka ya 2000 Kiswahili na Kiingereza viliingizwa katika shule za msingi, na mwaka 2007 Burundi ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa mtoto wa Rumonge, lugha ya nyumbani, ya sokoni na ya madrasa ikawa somo lenye maksi. Wazee waliocheka kwamba Kiswahili ni lugha ya wahuni wa bandarini wakaanza kuwaomba wajukuu wawafundishe ngeli. Si jambo dogo kwa nafsi ya mtoto kuona kile anachokijua kinahesabiwa kuwa ni elimu.

Mwezi Aprili 2015 mambo yakaharibika tena kwa ajili ya uchaguzi, na mwambao ukawa njia ya kukimbilia. Watu walishuka kwa mitumbwi na kwa miguu mpaka Kagunga, kijiji kidogo cha wavuvi upande wa Tanzania, kilichobanwa kati ya mlima na maji. Makumi ya maelfu walikusanyika pale, na mwezi Mei kipindupindu kikalipuka. Meli ya zamani MV Liemba, iliyojengwa na Wajerumani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ndiyo ilikuwa ikiwapeleka Kigoma ili waende kambi ya Nyarugusu. Kati yao walikuwemo wanafunzi waliobakiwa na wiki chache wafanye mtihani wa mwisho. Wazee walioondoka mwaka 1972 wakiwa watoto, wakarudi, sasa waliliona ziwa lilelile na wajukuu mapajani. Tangu mwaka 2017 wengi wamekuwa wakirejea, na shule zetu zinawapokea tena wenye pengo la mwaka, miwili, mitatu.

Kisha likaja ziwa lenyewe. Kati ya mwaka 2020 na 2024 maji ya Tanganyika yalipanda mpaka viwango visivyoonekana tangu miaka ya 1960. Nyumba za ufukweni zikaingiliwa, bandari ya Rumonge nayo, mashamba yakazama, na familia zikahamia kwa ndugu au kwenye mahema. Hili halina kabila wala chama, hivyo watu hulizungumza kwa urahisi. Lakini mwanafunzi anayesomea mtihani akiwa wa tisa katika chumba kimoja cha shangazi, huku akijua baba hana tena nyavu wala nyumba, amebeba zaidi ya vitabu. Mwaka huohuo ambao anaulizwa utakuwa nani maishani, anaona mambo ya kesho yakizama mbele ya macho yake.

Hata mipaka ya utawala imebadilika mara mbili katika miaka kumi. Rumonge ilifanywa mkoa mwaka 2015, na mwaka 2025 ikaingizwa katika mkoa mpya wa Burunga. Hilo tunalipita.

Sasa tuje kwenye jibu lile la tatu, la jini. Sisi ni Waislamu, hatukanushi ulimwengu wa majini na hatuikatai ruqya iliyo sahihi. Tunachokataa ni kumfunga kijana kamba, kumnyima chakula au kumvukiza moshi mpaka azimie kwa sababu tu hataki kuzungumza. Waislamu wa mwanzo hawakuichanganya huzuni na wendawazimu namna hii. Nabii Ya'quub ('alayhis-salaam) alihuzunika kwa Yusuf mpaka macho yake yakapofuka, na hakuna anayethubutu kusema imani yake ilikuwa dhaifu. Mwaka aliofiwa Mtume wetu (SAW) na Bi Khadija na ami yake Abu Talib umeingia katika Sira kwa jina la Mwaka wa Huzuni. Huzuni ile haikufichwa, ilipewa jina.

Na elimu ikafuata. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyezaliwa karibu mwaka 850 huko Balkh, katika Afghanistan ya leo, na kufariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi pamoja. Alitofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa, na huzuni inayomjia mtu bila sababu anayoiona, ambayo aliihusisha na mwili na akaona inahitaji tiba ya mwili pia. Alishauri mtu aziweke akiba fikra njema wakati ametulia, kama anavyoweka dawa nyumbani kabla ya ugonjwa. Hospitali ya Nuruddin mjini Damascus, iliyojengwa mwaka 1154, na ya Sultani Qalawun mjini Cairo, ya mwaka 1284, ziliwapokea wagonjwa wa akili pamoja na wagonjwa wengine. Kwa hiyo anayempeleka mwanawe kwa daktari wa nafsi anafuata njia ya wazee wake katika Uislamu.

Kwetu Burundi mlango upo, ingawa njia ni ndefu. Mabruda wa Upendo walifungua kituo cha maradhi ya akili na mishipa ya fahamu Kamenge, Bujumbura, mwaka 1981, na mpaka leo ndicho watu wanachokijua zaidi. Kuanzia mwaka 2000 na kidogo baada ya hapo, mashirika kama THARS, lililoanzishwa na David Niyonzima, mchungaji wa Kikweka ambaye wanafunzi wake waliuawa mwaka 1993, yalianza kuwafundisha watu wa kawaida kuwasikiliza walioumia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo fulani la afya ya akili. Kwa darasa letu la watu 60, ni wanane au tisa. Wala haijahesabiwa vita.

Kuna utafiti mmoja uliofanywa Burundi hii hii na kuchapishwa mwaka 2014, ambao tungependa kila mzazi aujue. Watoto 329 wa miaka 8 hadi 17 walihusishwa, na baadhi yao wakafanyiwa vikao 15 vya michezo, ngoma, maigizo na kusimulia, shuleni. Waliotarajia muujiza hawakuupata, kwani kwa jumla vikao havikuleta tofauti kubwa. Lakini walipochambua zaidi waliona kwamba watoto waliokuwa wakiishi na wazazi wote wawili, na wale wa nyumba zenye watu wengi, dalili zao kadhaa zilipungua. Utafiti mmoja haukati shauri. Sisi tunausoma hivi, kwamba shule peke yake haimalizi kazi, na kinachosemwa darasani kinahitaji nyumba ya kukipokea.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi mambo ya kawaida kabisa. Mwacheni mtahiniwa alale. Kukesha mfululizo hakumwongezei kumbukumbu. Msimlinganishe na mtoto wa jirani aliyepata nafasi Bujumbura. Mkimwona amebadilika kwa wiki kadhaa, katika kula, kulala, kuswali, marafiki, muulizeni faraghani, na mkiuliza, nyamazeni mumsikie mpaka mwisho. Akitamka kwamba afadhali afe, msimkemee kwa dhambi ya kusema hivyo na msimwache peke yake. Kaeni naye, ondoeni dawa za mashamba na kamba zilizo karibu, na siku hiyohiyo mwende kituo cha afya. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Nanyi wanafunzi, mkiyasoma haya: akabonge si uzembe na si ukafiri. Mtafuteni mtu mzima mmoja, awe mwalimu wa darasa, ustadh, mama mdogo, au babu, na mwanze na neno moja tu. Wengi wao walikuwa mahali mlipo, na wamesubiri miaka mingi mtu awaulize.

Wiki ya mwisho ya Aprili hukutana na tarehe 29 na tarehe 30, moja ya mwaka 1972 na nyingine ya mwaka 1997, wakati watahiniwa wameshaanza kujiandaa kwa mtihani. Mwaka huu siku moja katika wiki hiyo, baada ya Isha, mkiwa mmemaliza ugali na mukeke, muulizeni babu alikuwa darasa la ngapi mwaka 1972, na nani walikuwa wameketi naye dawati moja.

Wabillaahi tawfiyq.